Kusomea Radiografia Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu zinaanza: "Nimeona kozi ya radiografia, ni ya nini? Inalipa? Mionzi haitaniua?" Majibu haya ni ya Tanzania Bara zaidi. Wa Kenya wana swali lao huko chini.

Radiografa hufanya kazi gani, na ana tofauti gani na daktari wa radiolojia?

Radiografa ndiye anayepiga picha. Anampokea mgonjwa, anasoma fomu aliyoandika daktari, anamweka mgonjwa mkao unaotakiwa, anachagua kiasi cha mionzi, anapiga, kisha anaikagua picha kabla ya kumruhusu mgonjwa aondoke. Ni eksirei za kawaida, CT (eksirei za vipande vya mwili), MRI (picha za sumaku), mamografia (eksirei ya matiti), na picha za kunywa bariamu au kuchomwa dawa ya kung'arisha mishipa. Daktari bingwa wa radiolojia ni daktari wa tiba aliyeongeza ubingwa, na kazi yake kubwa ni kuisoma picha na kuandika ripoti. Mtaani wote wawili ni "daktari wa eksirei". Utaitwa daktari kila siku. Usigombe na mgonjwa kwa hilo, ila usilizoee.

Nahitaji ufaulu gani?

Kwa stashahada, kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, ya dini hayahesabiwi, na ndani yake lazima kuwe na Kemia, Biolojia na Fizikia (au Sayansi ya Uhandisi) kuanzia D. Hisabati na Kiingereza si sharti, lakini ukiwa nazo unajiongezea nafasi.

Kwa shahada, ni Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita, zote ufaulu kamili. S haihesabiki. Pointi zinazotakiwa hubadilika kutoka chuo hadi chuo, hivyo soma kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka unaoomba, si cha kaka yako.

Nina A ya Biolojia lakini F ya Fizikia. Hakuna namna?

Hakuna. Rudia mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anayekwambia "tuma laki mbili nikuingizie jina" ni kishoka, na hela yako hutaiona tena. Maombi hufanyika mtandaoni, majina yanachujwa na mfumo, na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, inahakiki sifa za kila mwanafunzi aliyepokelewa. Hata ukipenyezwa, utaondolewa huku ada umeshalipa.

Ni miaka mingapi?

Stashahada ni mitatu: ngazi za tuzo za ufundi za taifa (NTA), ya 4, ya 5 na ya 6, kila ngazi mwaka mmoja. Usipovuka ngazi moja huendi inayofuata. Kuna sapu (kurudia mtihani), na kuna kudisko (kuondolewa chuoni), kama vyuo vingine vyote.

Nichague chuo gani?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanachagua kwa picha za majengo. Nitasema ninavyoona mimi: katika kozi hii chuo ni hospitali yake. Darasa zuri lisilo na mashine ya kushika ni kupoteza miaka mitatu.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha mambo mawili kwenye tovuti ya NACTVET: chuo kimesajiliwa, na kozi hii yenyewe ina ithibati. Yapo mazingira ambapo chuo kina usajili halali wa famasi au utabibu, halafu radiografia imebandikwa kwenye bango kabla ya kuruhusiwa. Kisha piga simu chuoni, usitume ujumbe, piga, na uulize: Mazoezi kwa vitendo yanafanyikia hospitali gani? Hospitali hiyo ina mashine zipi zinazofanya kazi leo? Wanafunzi wangapi huingia chumba kimoja kwa zamu moja? Nani anasaini kwamba nimefanya picha fulani, mwalimu aliyekuwepo au mtu wa ofisini? Ukijibiwa "hayo utayajua ukifika", umeshajibiwa.

Vyuo vikuu vilivyoshikamana na hospitali za rufaa vina faida hiyo wazi. MUHAS iko pua na mdomo na Hospitali ya Taifa Muhimbili, na CUHAS ya Mwanza iko ndani ya eneo la Bugando. Mwanafunzi wa huko anaona majeruhi wa bodaboda, mtoto aliyemeza sarafu, mgonjwa wa saratani na mama wa mamografia ndani ya wiki moja. Lakini usidharau chuo kidogo kinachotumia hospitali ya mkoa. Rufaa kuna foleni ya madaktari wanaosomea ubingwa na wanafunzi wa shahada mbele yako. Mkoani unaweza kuwa ni wewe, mgonjwa na msimamizi wako tu, na mkono hujengeka haraka.

Ada ni kiasi gani, na mkopo upo?

Vyuo vya serikali ni nafuu kuliko vya binafsi, na kiasi hubadilika kila mwaka, kwa hiyo omba fomu ya kujiunga na uisome hadi ukurasa wa mwisho. Huko mwisho ndiko kuna bima, sare, mtihani, kitambulisho, na "gharama za mafunzo kwa vitendo", ambazo nyingi hazimo kwenye ada iliyotangazwa. Ongeza nauli na chumba cha kupanga kama utapelekwa fildi mkoa mwingine.

Bodi ya Mikopo, HESLB, ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele mwaka wa masomo 2023/24, afya ikiwemo. Angalia orodha ya fani ya mwaka wako kabla dirisha halijafungwa, na cheti chako cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi) mapema. Watu wanakosa mkopo kwa sababu ya cheti, wala si kwa sababu ya umaskini usiothibitishwa.

Tunasoma nini? Hesabu ni nyingi?

Anatomia na fiziolojia, fizikia ya mionzi, mbinu za kupiga picha, kinga dhidi ya mionzi, patholojia, vifaa na matunzo yake, huduma kwa mgonjwa. Anatomia ndiyo inayokula usiku wako. Mkononi peke yake, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, kuna mifupa 27, na utatakiwa kuijua inavyoonekana ikiwa imelala, imesimama na imepinda.

Hesabu si nyingi ila hazikwepeki, kwa sababu ndizo unazofanya ukiwa umesimama mbele ya mashine. Chukua mfano wa mtoto wa miaka miwili anayelia na kujipinda. Wingi wa mionzi ni mkondo wa umeme ukizidishwa na muda. Miliampea 200 kwa sekunde 0.1 inakupa 20. Miliampea 400 kwa sekunde 0.05 inakupa 20 vilevile. Picha itakuwa na weusi uleule, ila ya pili imechukua nusu ya muda, na katika nusu hiyo mtoto hapati nafasi ya kutikisika. Mwanafunzi aliyekariri namba za ukutani atapiga picha ya ukungu, arudie, na mtoto apate mionzi mara mbili.

Kuna nyingine: ukipandisha kilovolti kwa asilimia 15, mathalani kutoka 60 hadi 69, unaweza kupunguza wingi wa mionzi kwa nusu na picha ikabaki inasomeka. Na ile ya umbali, ambayo itakulinda wewe maisha yako yote ya kazi: ukitoka mita 1 hadi mita 2 kutoka kwenye chanzo, mionzi inashuka hadi robo, mita 3, sehemu moja ya tisa. Hatua mbili za kurudi nyuma ni kinga isiyonunuliwa.

Onyo moja kuhusu mashine za kidijitali. Zamani, kwenye filamu, ukizidisha mionzi picha ilikuwa nyeusi tii na mwalimu alikuona. Siku hizi kompyuta inairekebisha, picha inatoka nzuri, na hakuna anayejua kwamba umempa mgonjwa mara tatu ya kilichohitajika. Jifunze kusoma namba ya kipimo cha mionzi inayojitokeza pembeni ya picha. Wengi hawaiangalii kabisa.

Fildi ikoje?

Fildi ndiyo kozi yenyewe. Tuchukue picha ya kifua, ambayo utaipiga kuliko zote. Mgonjwa anasimama kifua kikigusa kipokezi (bamba linalopokea picha), kidevu juu, viganja kiunoni, viwiko vimesukumwa mbele ili mifupa ya mabega iondoke juu ya mapafu. Mirija ya mashine iko nyuma yake, sentimita 180. Anapigwa kutokea mgongoni makusudi, ili moyo uwe karibu na kipokezi usionekane mkubwa kuliko ulivyo. "Vuta pumzi ndefu, ishikilie, usiachie." Ukikagua, hesabu mbavu za nyuma, tisa au kumi zionekane juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo). Zikiwa saba, hakuvuta pumzi, na mapafu yataonekana kama yana ugonjwa.

Hayo yako kitabuni. Kitabuni hakuna bibi aliyefunga noti kwenye pindo la kanga. Hakuna rasta ndefu zilizopakwa mafuta, ambazo zikilala begani zinaacha mistari kwenye ncha ya pafu, palepale ambapo daktari anatafuta kifua kikuu. Hakuna shanga za kiunoni kwenye picha ya nyonga, wala hirizi iliyofungwa mkono uliovunjika. Utajifunza kusema: "Shikamoo bibi. Naomba unisaidie jambo moja, chochote kilicho kifuani na shingoni tukiweke hapa mezani, nakuangalizia mimi mwenyewe, na hamna atakayekigusa." Hirizi usiichekee na usiiulize inafanya nini. Mwombe aihamishie mkono mwingine, upige, arudishe. Mgonjwa aliyedhalilishwa hatulii, na asiyetulia hutoa picha mbovu.

Swali la ujauzito ni mtihani mwingine. Kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huulizwa kabla ya picha ya tumbo, kiuno au nyonga. Ukimwuliza "una mimba?" mbele ya mama mkwe wake, jibu ni hapana, hata kama anayo. Mtoe msindikizaji kwanza, funga mlango, uliza siku zake za mwisho zilianza tarehe ngapi, na uandike tarehe hiyo kwenye fomu. Kama wewe ni mwanamume na unaona anasita, mwite dada wa zamu.

Na alama. L (kushoto) na R (kulia) huwekwa kwenye kipokezi kabla ya kupiga, si kuongezwa kwa kompyuta ukishakaa kitini. Kuna watu ambao moyo wao uko kulia tangu kuzaliwa. Bila alama iliyopigwa pamoja na picha, kila mtu atadhani picha imegeuzwa, naye "ataisahihisha".

Kila picha unayoifanya huandikwa kwenye kitabu cha mazoezi na kusainiwa siku hiyohiyo. Usikusanye saini za mwezi mzima Ijumaa jioni. Msimamizi makini atakataa, na atakuwa na haki.

Mionzi itanidhuru? Nasikia watu wa eksirei huwa tasa.

Nimewahi kusikia hilo likisemwa na muuguzi, achilia mbali mama mzazi. Kikomo cha mfanyakazi wa mionzi kimataifa ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi mwilini) 20 kwa mwaka katika miaka mitano, na usizidi 50 mwaka wowote. Mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 kikomo chake ni 6 tu, na chini ya miaka 16 haruhusiwi kabisa. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa aliye kwenye mwale wa mionzi takriban milisiveti 0.02, wakati ardhi, anga na chakula humpa binadamu wa kawaida duniani wastani wa 2.4 kwa mwaka bila kuingia hospitali. Wewe uko nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi. Mbegu za kiume huanza kupungua, tena kwa muda, zikipigwa takriban miligrei 100 (kwa eksirei, sawa na milisiveti 100 kwenye kiungo hicho) kwa mpigo mmoja. Ukifanya kazi kwa utaratibu hutafika huko.

Hatari ipo pale utaratibu unapovunjwa: mlango kuachwa wazi, kumshikilia mgonjwa mwenyewe kila siku badala ya kumwomba ndugu yake aliyevishwa aproni, aproni kukunjwa na kutupwa kwenye kiti. Aproni ya risasi hutundikwa. Ikikunjwa hupasuka kwa ndani na hutaona kwa macho.

Utavaa kipimio kidogo cha mionzi kifuani, chini ya aproni, ambacho hupelekwa kusomwa kwa vipindi. Nchini kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Usikiache kwenye dashibodi, usimwazime mwenzako, na usikifue na koti. Uliza chuoni kama wanafunzi nao hupewa. Wasipopewa, lalamika kwa maandishi.

Nikipata ujauzito nikiwa chuoni?

Mwambie msimamizi mapema, hata kabla tumbo halijaonekana. Kikomo cha mtoto tumboni ni milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki wa ujauzito. Unaweza kuendelea na masomo. Utapangiwa majukumu ya nje ya chumba au ya ultrasaundi, isiyo na mionzi hii. Anayeficha kwa kuogopa kuahirishwa ndiye anayejiweka mahali pabaya.

MRI haina mionzi, kwa hiyo ni salama zaidi?

Haina mionzi, lakini sumaku yake imewaka muda wote, hata mashine ikiwa haipigi picha na usiku umeme wa korido ukiwa umezimwa. Mtungi wa oksijeni ukiingizwa chumbani huruka kama kombora. Mwanafunzi haingii pale bila kukaguliwa mifuko.

Naruhusiwa kusoma picha na kumwambia mgonjwa?

Ripoti rasmi si yako. Lakini katika hospitali za wilaya ambazo hazina bingwa, daktari wa zamu atakuja na kukuuliza, "Umeona nini?" Ukinyamaza kwa kujificha nyuma ya sheria, hujamsaidia mtu. Unachotakiwa kukijua bila kusitasita ni vitu vya dharura: hewa iliyonasa kifuani na kusukuma moyo upande mmoja, hewa chini ya kiwambo kwa mwenye maumivu ya tumbo, mfupa wa shingo uliohama. Ukiviona, usimwinue mgonjwa na usingoje foleni. Piga simu kwa daktari hapohapo na uandike saa uliyopiga. Mgonjwa mwenyewe mwambie ukweli usiopita mipaka: "Picha imetoka vizuri, daktari wako ataisoma na kukueleza."

Na fomu iliyoandikwa "eksirei" tu, bila dalili wala upande, irudishe kwa adabu. Huwezi kuchagua mkao kama hujui kinachotafutwa.

Akili bandia haitachukua hii kazi?

Inachukua sehemu ya kusoma, si ya kupiga. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika kusoma eksirei ya kifua katika kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Programu hizo zinategemea picha nzuri. Rasta begani zinaidanganya kompyuta kama zinavyomdanganya daktari.

Nikimaliza, ajira ipo?

Kwanza usajili. Huruhusiwi kufanya kazi kabla hujasajiliwa na baraza la wataalamu wa radiolojia, MRIPC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Anayekuajiri bila kukuuliza namba ya usajili anakuweka kwenye matatizo.

Mashine zimeongezeka. Sehemu ya fedha za mpango wa UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3 zilizozinduliwa Oktoba 2021, ilinunua CT na eksirei za kidijitali kwa hospitali za umma. Mashine bila mtu ni fanicha, kwa hiyo uhitaji upo. Ila uhitaji si tangazo la ajira. Wahitimu wengi hukaa wakijitolea au kufanya kazi kwa mikataba kwenye vituo binafsi wakisubiri serikali itangaze nafasi. Wanaopata mapema ni wale walio tayari kwenda mbali na Dar es Salaam, na wale ambao msimamizi wao wa fildi anawakumbuka kwa jina.

Mimi ni Mkenya. Mambo ni yale yale?

Kazi ni ileile, milango tofauti. Njia inayotumiwa na wengi ni KMTC, stashahada ya sayansi ya picha za tiba, miaka mitatu, kwa wastani wa C kwenye KCSE pamoja na alama zinazotakiwa kwenye sayansi. Udhibiti wa mionzi uko chini ya KNRA. Ukitaka kuvuka mpaka kufanya kazi upande wa pili, vyeti vyako vitahakikiwa upya huko uendako, hivyo omba nakala za matokeo ya kila muhula mapema.

Naweza kujiendeleza hadi shahada, au kuhamia tiba ya saratani?

Ndiyo. Kwa mwenye stashahada, GPA (wastani wa alama) ya 3.0 ndicho kiwango cha chini cha jumla, na vyuo vingine huomba zaidi, hivyo usiichezee kuanzia muhula wa kwanza. MUHAS ina shahada ya teknolojia ya tiba kwa mionzi, ambayo mazoezi yake ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Huko mionzi haitumiki kuona bali kutibu, na mgonjwa mmoja utamwona siku tano kwa wiki, wiki nyingi mfululizo. Inahitaji moyo wa aina nyingine. Nenda ukashinde siku moja pale kabla hujajaza fomu.

Siku ya kwanza nije na nini?

Vyeti halisi na nakala, kadi ya chanjo ya homa ya ini B (dozi ni tatu, anza nyumbani), koti jeupe la mikono inayokunjika, viatu vya kufunika vidole visivyopiga kelele, daftari dogo la kuingia mfukoni. Saa ya mkononi ya bei rahisi, kwa sababu simu haitoki mfukoni mbele ya mgonjwa. Na alama zako mwenyewe za L na R zenye herufi za jina lako. Za idara huwa zimepotea.